Koti la Mama Lililorudi Myanga

Juzi nilisimama kwa drai klina nikisubiri mapazia yangu, na haraka zangu za kawaida, nikamwona kijana wa pale akitandika kitambaa kibichi juu ya koti la mteja mwingine. Akakandamiza pasi, mvuke ukapanda. Nyinyi mliokulia sehemu za baridi mnaijua harufu hiyo, sufu iliyoloa ikipata moto, na vumbi la zamani likitoka kwenye nyuzi. Kijana akaniuliza, "Madam, uko sawa?" Nikamwambia ni mafua tu. Mafua gani! Nilikuwa na miaka tisa tena, niko Kibomet, mtaa wetu wa Kitale, mbele ya cherehani ya Mzee Simiyu, na koti la mama yangu limelazwa pale mezani.

Koti lenyewe lilikuwa kuukuu hata kabla sijazaliwa. Rangi yake damu ya mzee, sufu nzito ya kuchosha mabega, vifungo vikubwa, na ndani bitana nyororo ambayo ukiipitisha shavuni inakuwa baridi kwanza, kisha inashika joto lako. Kukhu, mama yake Mama, ndivyo tunavyomwita nyanya upande wa Bungoma, alilipata zamani alipokuwa akipika kwa mzungu mwenye shamba upande wa Saboti. Mzungu alipouza shamba akaenda kwao, mke wake alimwachia Kukhu koti hilo na sufuria mbili. Sufuria zilitoboka. Koti likaenda kwao Myanga, likakaa miaka kwenye sanduku la bati, hadi Mama alipoolewa na Baba akaja kuishi Kitale. Kukhu akamvika siku ya kuondoka, akamwambia huko anakoenda kuna baridi ya kukata masikio.

Baba alikuwa Mkikuyu wa Trans-Nzoia, wa zile familia zilizonunua mashamba huku zikasahau njia ya kurudi. Alikuwa na poshomili. Alirudi jioni mweupe nyusi na kope, na Mama alimpangusa kwa kitambaa kabla hajamruhusu kukaa kwenye kiti. Nyumbani tuliongea Kiswahili chetu cha kuvunjavunja, kwa sababu Mama hakujua Kikuyu, na Baba akijaribu Kibukusu hata kuku walikimbia. Walicheka sana, wazazi wangu. Nataka mlijue hilo kabla sijaendelea, maana watu wakisikia mwisho wa mambo hudhani mwanzo pia ulikuwa mbaya.

Sijui walichogombania siku ile. Nimeuliza baadaye, na kila mtu ana jibu lake. Ninachojua ni nilichokiona nikiwa mlangoni. Ilikuwa Julai, manyunyu yale ya Kitale yasiyokatika. Mama amevaa koti lake, mkoba uko mkononi, anatoka. Baba akamshika mkono wa koti.

"Nekesa, si ungoje tuongee."

"Niachilie."

"Siachilii. Ngoja kwanza."

Mama akavuta, Baba akavuta, koti likaachia begani kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwenye nguo. Mama akaliangalia lile bega, kisha akatoa mkono mmoja, akatoa wa pili, akamwachia Baba koti mikononi. Akaenda na blauzi yake tu kwenye manyunyu, bila kugeuka. Baba alibaki amelikumbatia kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe amshikie.

Mtoto wa miaka tisa ana hesabu zake. Koti lilikuwa zima, Mama alikuwepo. Koti likachanika, Mama akaenda. Haya, sasa nyinyi niambieni, mngefikiria nini? Sikuona ugomvi wala yale makubwa yaliyokuwa chini ya ugomvi. Niliona bega lililofumuka na uzi unaoning'inia.

Baba alilikunja vibaya, akalitia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na hakulitaja tena. Mimi ndiye niliyekuwa nikilifungua sanduku akiwa kwenye mashine. Niliingiza kichwa chote ndani ya koti. Harufu ya Mama ilikuwa pale kwenye kola, mafuta ya nywele na moshi wa kuni na kitu kingine ambacho mpaka leo sina jina lake. Lakini kila nilipofungua ilikuwa imepungua. Kisha nikaona ukungu kwenye kola, na siku nyingine nikaona matundu, matatu mgongoni na moja mkononi, nondo wamejikaribisha. Nilishikwa na hofu mbaya. Nilijua kabisa kwamba koti likiisha, Mama naye hatarudi.

Jumamosi iliyofuata nikalitia kwenye gunia, nikalipeleka kwa Mzee Simiyu, fundi aliyekaa kwenye veranda ya duka karibu na kanisa. Alikuwa mzee wa Bungoma, mweusi, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, na ulimi wake ulibadilisha r na l upendavyo. Alilitoa koti kwenye gunia polepole, akaligeuza, akaingiza mkono kwenye bitana, akapiga mluzi.

"Yawa! Hii koti imeona dunia, bana. Nani alikula hapa?"

"Nondo."

"Na hapa kwa bega? Hii si nondo."

"Ilishikwa na mlango."

Akaniangalia juu ya miwani. "Mlango iko na mikono, eh? Na mama yako ako wapi, mbona hakuleta mwenyewe?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilikuwa naona haya. Watoto wa Kibomet walikuwa wameshaanza kunisema, ati mama ya huyu alitoroka, na sikutaka fundi naye ajue. Nikasema, "Yuko nyumbani anapika chapati." Hata chapati nikaongeza mwenyewe! Mzee Simiyu akacheka, akasema basi Baba ana bahati. Kama ningemwambia ukweli kwamba Mama yuko kwao Myanga na koti ninataka kumpelekea, yule mzee Mbukusu angelifunga gunia palepale na kunirudisha kwetu. Sikujua hivyo. Nilifurahi tu kwamba ameniamini.

Kumlipa, nilimpelekea tetea wangu wa madoadoa, kuku wa pekee niliyekuwa naye. Akamshika miguu, akampima uzito kwa mkono, akasema sawa, lakini kazi ni ya Jumamosi tatu na nisimharakishe.

Sikumharakisha. Nilikaa kwenye kigoda nikitazama. Kwanza alifumua bega lote badala ya kushona juu juu, akatoa nyuzi za zamani moja moja, kisha akalirudisha kwa mkono, mishono midogo ambayo nilikuwa nikiiinamia ndipo niione. Matundu ya nondo yalinishangaza zaidi. Nilidhani atatia kiraka. Badala yake alifungua pindo la chini kwa ndani, akachomoa nyuzi za sufu kutoka kwenye koti lenyewe, akaanza kuzisuka kwenye tundu, moja juu, moja chini, uso wake karibu uguse kitambaa. "Langi ya duka haiwezi kufanana," aliniambia. "Koti inajitibu na nyuzi yake." Alipomaliza tundu la kwanza alinipa nilitafute. Nilitafuta mpaka nikakata tamaa, naye akacheka hadi akakohoa.

Kusafisha kulikuwa kazi nyingine. Maji hakutaka hata kuyasikia. "Ukiosha na maji hii, itarudi ya mtoto kama wewe." Kola aliisugua kwa kitambaa chenye petroli, mbali na jiko, akinifukuza nisisogee. Ukungu aliupiga brashi juani, bitana ikiwa nje. Kisha akachovya kitambaa cheupe majini, akakikamua, akakitandika juu ya koti, akashusha ile pasi yake ya makaa yenye jogoo wa chuma kwenye kifuniko. Ule mvuke! Nilifunga macho nikasikia koti likipumua. Lakini Jumamosi ya mwisho, aliponipa nilishike, niliingiza pua kwenye kola na Mama hakuwemo tena. Ilikuwa petroli na makaa. Nilitaka kulia, nikajikaza, nikajiambia haidhuru, mwenyewe si anakuja.

"Ambia mama yako avae kanisa kesho," Mzee Simiyu alisema akilikunja. "Watu waone kazi."

"Nitamwambia."

Kulikuwa na mwanamke wa Saboti, Mama Chebet, aliyeuza vitunguu na karoti katika soko la Myanga. Siku moja kabla ya soko alilala kwa jirani yetu. Nilimpelekea koti likiwa kwenye karatasi ya kaki, limefungwa kwa kamba ya katani. Nikamweleza nyumba ya Kukhu, na mti ulioko langoni, na jina la mjomba wangu Wafula.

"Wape, na useme imetoka kwa Baba," nikamwambia.

"Baba yako ndiye amekutuma?"

"Eee. Amesema upeleke."

Huo ndio ulikuwa mpango wangu, na niliuona mtamu kuliko mipango yote ya watu wazima. Mimi nikituma, ni mtoto tu ametuma. Baba akituma, ni mume, amejuta kuchana koti, amelirekebisha, mke arudi nyumbani. Nilifikiria hata kuandika barua, lakini Mama angeujua mwandiko wangu na mambo yote yangeharibika. Kwa hiyo koti lilienda bila neno hata moja.

Mama Chebet aliporudi nilimkimbilia njiani. "Nilipeana," alisema. "Mama yako alikuwa shamba. Mjomba yako alifungua, akaita majirani wazee, wakaangalia. Hakuna mtu aliongea. Hata chai walinipa haraka haraka tu, nikatoka."

Nikaruka juu. Wameita majirani! Nilijua ni kwa sababu koti limependeza mno hata wakakosa la kusema. Nilimwona Mjomba Wafula akilitafuta lile tundu asilipate.

Kisha nikaanza kungoja, na kungoja kule ndiko kunakoniuma hadi leo. Nilifagia uwanja kila asubuhi kabla ya shule, hata palipokuwa hapana taka. Nilikataa kusukwa nywele na mtu yeyote, nikasema Mama atanisuka akifika, nikatembea na kichwa kama kiota. Kila nilipoona koti jekundu barabarani, moyo uliniruka. Nilimtamani Mama kwa mwili mzima, mgongo wake nilioulalia kanisani, mikono yake yenye harufu ya kitunguu, jinsi alivyosema "yaya wee" akichoka. Jioni Baba alijipangusa unga mwenyewe, na siku zote aliacha masikio meupe.

Mahindi yalipokwisha kuvunwa, Baba aliwachukua wazee wawili wa kanisa, akanunua sukari na kreti ya soda, akasema anaenda Myanga kuongea na wakwe zake. Nilicheka peke yangu. Nilijua koti limefanya kazi. Tata, dada yake Baba, alikuja kukaa nasi siku hiyo, na tukaketi uwanjani tukipukuchua mahindi, mimi nikiimba mpaka akaniambia ninyamaze kidogo.

Alirudi siku hiyohiyo, alasiri, peke yake, kreti ya soda begani. Hakuna hata chupa moja iliyokuwa imefunguliwa. Aliiweka chini, akakaa kwenye rundo la magunzi.

"Wamekataa?" Tata akauliza.

"Wamesema nimechelewa. Ati nilishatuma nguo."

"Nguo gani?"

"Koti. Wamesema kwao mwanamke akirudi nyumbani akaacha nguo yake kwa bwana, bado ako na boma, wanangoja bwana aje. Lakini bwana akituma ile nguo, amemrudisha. Imeisha. Na walisema yangu ilikuja kama imeoshwa na kushonwa, imefungwa vizuri, wazee wakaona na macho yao."

"Na wewe ulituma?"

"Nitume aje, na mimi sikujua hata hiyo maneno? Koti iko hapa ndani. Sikutaka kubishana na wazee kabla sijaiona na macho."

Akainuka, akaingia nyumbani. Nilisikia sanduku likivutwa kwenye sakafu. Alipotoka, alikuwa mtulivu kuliko nilivyowahi kumwona.

"Haiko," akasema. "Basi alituma mtu akaichukua. Alitaka iishe, na akatafuta njia ya kuniwekea mimi lawama. Ni vizuri nilinyamaza kule. Mtu akishaamua, utamlazimisha?"

Punje zilikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa na maneno matatu tu ya kusema, Ni mimi Baba, na mdomo ulikuwa wangu, na hatukuwa mbali. Sikusema. Niliogopa, nadhani niliogopa kichapo, ingawa Baba hakuwa mtu wa kunipiga. Zaidi niliogopa uso wake ukinigeukia. Nikaendelea kupukuchua mahindi. Tata akasema mtoto huyu ameacha kuimba.

Watu huuliza kwa nini sikusema baadaye. Likizo zilizofuata nilipelekwa Myanga, nikalala kitanda kimoja na Mama, nikamshika usiku mzima kama kupe. Ningesema wakati huo. Nilijiambia nitasema kesho, na kesho yake nikajiambia likizo ijayo. Nilidhani nikisema wote wawili watanichukia, na nitabaki sina kwa kwenda. Na ilipofika wakati nikakua na akili ya kuelewa, Mama alikuwa ameolewa na mwalimu mmoja mpole Bungoma mjini, ana mtoto mgongoni, na sasa ukweli wangu ungevunja nyumba nyingine. Baba hakuoa tena. Aliishi na mashine yake, na aliondoka duniani akiamini kwamba mke wake ndiye aliyelichukua lile koti.

Nilimwambia Mama mwaka jana, Bungoma. Mwalimu alishafariki. Tulikuwa tunachambua likhubi, ile mboga ya kunde, sinia iko katikati yetu, na nikaanza kusema bila kupanga. Nilimwambia yote. Sanduku, nondo, Mzee Simiyu, tetea, Mama Chebet, "sema imetoka kwa Baba." Mikono yake ilisimama kwenye majani.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi, Mama. Nisamehe."

Nje mtu alikuwa anapita akimsalimia jirani. Mama akaongea taratibu, macho yake yakiwa kwenye sinia.

"Unajua ni nini ilinimaliza? Si koti. Ni ile kazi. Kama ingekuja imechanika, chafu, imetupwa kwa gunia, ningesema huyu ako na hasira, na hasira inapoa. Lakini nilitafuta pale ilichanika, sikuona. Nikasema mwanaume aliyekaa chini akatengeneza nguo ya mke hivi, akaisafisha, akaikunja, huyo amefikiria akamaliza. Nilimpa Kukhu. Sikuweza kuivaa."

"Na siku aliyokuja?"

"Nilikuwa jikoni. Niliwasikia wakimuuliza kama si alituma nguo. Nikasimama kwa mlango nikingoja aseme hapana. Aseme tu hapana, nitoke. Akanyamaza."

Nilianza kulia kwa sauti, mtu mzima mimi, mwenye watoto wawili. Mama akanisukumia leso yake.

"Wacha. Wewe ulikuwa mtoto, ulitaka mama. Mimi nilikuwa mtu mzima, nimesimama hatua kumi kutoka kwake, na sikufungua mlango." Akachukua jani, akaliangalia, akaliweka chini. "Nilisikia sauti tu. Sikumwona. Alikuwa amevaa nini?"

Hilo nililijua. "Suti ya kijivu ya harusi yenu."

"Ile? Si ilishamkataa tumbo?"

"Aliifumua akaipanua kiunoni. Alishona mwenyewe, Mama, wiki nzima, na ile sindano ya magunia na kamba ya katani. Mishono mikubwa namna hii, inaonekana hata akiwa mbali. Tata alimwomba aipeleke kwa fundi akakataa."

Mama alianza kucheka, akaziba mdomo kwa mkono, na machozi yakapita juu ya vidole.

"Hiyo ndiyo angenitumia," akasema. "Hiyo ningeielewa."